SAFARI YA KUCHUNGUA MILIMA ILIYO CHINI YA BAHARI

Katika mazungumzo haya twataka kuwaeleza jinsi wenye elimu wanavyojitayarisha kwenda baharini kuchungua milima isiyoonekana kwa macho. Wazee wetu husema, "Vyaelea, vimeundwa." Mtu aonapo jahazi likielea, ni nadra kukumbuka shoka na randa zilizoliunda. Ndivyo zilivyo safari za elimu. Habari zake hutufikia kazi ikiwa imekwisha, nasi twadhani kwamba yote yalifanywa baharini; kumbe sehemu kubwa ilifanywa barani, juu ya meza, miaka kadha wa kadha kabla merikebu haijang'oa nanga. Na katika kazi hiyo ya mezani jambo gumu kuliko yote ni kuchagua, maana mpango mwema ni ule ulijuao swali lake, ukakubali kuacha mengine.

Kwanza yatupasa kujua milima hiyo ni milima gani. Chini ya bahari si tambarare tupu. Kuna mabonde, magenge, na maelfu ya milima. Mingi katika hiyo ni volkeno, yaani milima iliyotoa moto zamani au inayotoa moto hata leo. Tutazame kisiwa cha Réunion, kilicho mashariki ya Madagaska, ile nchi ambayo wazee wetu waliiita Bukini. Kilele chake kirefu, Piton des Neiges, kimepanda mita 3,070 hivi juu ya maji. Lakini mguu wa mlima huo uko chini ya maji kadiri ya mita 4,000. Mtu akiupima tangu sakafu ya bahari, apata mlima wa mita 7,000, unaopita urefu wa Kilimanjaro. Jirani yake katika kisiwa hicho hicho, Piton de la Fournaise, ni miongoni mwa volkeno zinazotoa moto mara nyingi sana ulimwenguni.

Moto huo watoka wapi, nao umewaka mahali hapo tangu lini? Katika mwaka 1963 mtaalamu mmoja wa Kanada, J. Tuzo Wilson, alitoa fikira yake juu ya visiwa vya Hawaii, na katika mwaka 1971 W. Jason Morgan wa Marekani aliipanua. Walisema hivi: ganda la dunia limegawanyika vipande vikubwa viitwavyo mabamba, navyo husogea polepole. Chini yake, mahali pengine, miamba yenye moto mkali hupanda kutoka kilindini, nayo hutoboa ganda na kuunda volkeno. Katika mazungumzo haya tutapaita mahali hapo kitovu cha moto. Chukueni karatasi, mkaipitishe polepole juu ya mshumaa uwakao. Mshumaa hautembei, lakini karatasi itaonyesha mstari wa alama za moto: alama ya mwisho ni mbichi, na ya kwanza iko mbali imekwisha poa. Ganda la dunia ndilo karatasi, na milima ya chini ya bahari ndiyo alama.

Kitovu cha Réunion kimeacha alama kama hizo katika Bahari ya Hindi. Iliyo kubwa na ya kale iko India ya magharibi, katika nchi ya Deccan, ambako miaka milioni 66 iliyopita volkeno zilimwaga mawe yaliyoyeyuka, tabaka juu ya tabaka. Kutoka hapo mstari washuka kusini kwa visiwa vya Lakshadweep, Maldives na Chagos. Kisha mstari wakatika, nao waonekana tena upande wa magharibi, penye miamba ya Saya de Malha na Nazareth, ukafika Mauritius na mwisho Réunion.

Kwa nini umekatika? Katikati ya bahari hiyo pana mshono ambapo ganda la dunia hufunguka na mawe mapya huzaliwa, bamba moja likienda huku na jingine kule. Yapata miaka milioni 34 au 35 iliyopita mshono huo ulipita juu ya kitovu cha moto. Alama za zamani zikabaki katika bamba la India, zikachukuliwa kaskazini. Alama za baadaye zikaanguka katika bamba la Afrika. Kwa hiyo nyayo za moto mmoja leo ziko pande mbili za bahari, na atakaye kuzifuata hana budi kuzifuata pande zote mbili.

Basi tuseme sisi ndio tuliopewa kazi hiyo. Tuanzie wapi? Tusianze na merikebu, tuanze na swali. Mtu akisema, "Nataka kwenda kuona milima," hatapewa merikebu, maana siku moja ya merikebu ya elimu hugharimu maelfu mengi ya dola, na wanaoiomba ni wengi kuliko siku za mwaka. Yampasa aseme neno moja lililo wazi. Sisi swali letu ni hili: je, ni kweli kwamba kitovu cha moto husimama mahali pamoja, na ganda peke yake ndilo lisogealo? Hili si swali la mchezo. Wataalamu wameyatumia mawe ya milima hiyo kama saa na kipimo cha kujulia mwendo wa mabara. Ikiwa mshumaa nao hutembea, hesabu iliyotegemea kusimama kwake yapasa kusahihishwa.

Swali likiisha kuwekwa, twatafuta ramani. Hapa watu wengi hushangaa, kwa kuwa hata leo ni kadiri ya robo moja tu ya sakafu ya bahari zote iliyopimwa kwa uangalifu na merikebu. Zamani mabaharia walipima kina kwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kambani, na kila kipimo kilikuwa nukta moja tu. Siku hizi kuna msaada kutoka juu angani. Mlima mkubwa wa chini ya bahari huvuta maji kwa uzito wake, na maji hujikusanya juu yake. Mlima wa mita 2,000 waweza kuinua uso wa bahari kadiri ya mita 2, lakini kwa mteremko mpole sana, hata nahodha apitaye hapo haoni kitu. Setilaiti hupima kimo cha uso wa bahari, na wenye elimu hupata kujua mahali ambapo yaelekea pana mlima. Ramani ya namna hiyo yatosha kutuonyesha pa kwenda, lakini haitoshi kutuonyesha pa kushusha chombo. Na mara nyingine upungufu wa ramani huleta msiba: katika mwezi wa Januari 2005 manowari ya Marekani iendayo chini ya maji, jina lake San Francisco, iligonga mlima wa chini ya bahari kusini ya Guam, na baharia mmoja akafa.

Jambo la pili ni ruhusa na majira. Kwa mkataba wa sheria ya bahari wa mwaka 1982, nchi yenye pwani ina haki juu ya uchunguzi unaofanywa katika maji yake hata maili 200 za baharini, na mgeni atakaye kuchungua humo yampasa kuieleza serikali ya nchi hiyo kusudi lake, miezi sita kabla au zaidi. Mstari wetu wapita katika maji ya serikali kadha wa kadha, na barua moja ikichelewa, mlima mmoja huondoka katika mpango. Habari za majira watu wa mwambao wetu hawahitaji kufundishwa, maana kaskazi na kusi wanazijua. Upande wa Mauritius tufani huvuma hasa tangu Novemba hata Aprili. Upande wa Maldives upepo mkali wa kusini-magharibi huanza mnamo Mei. Atakaye kufuata mstari wote hana budi kupita katikati ya hatari hizi mbili.

Sasa tufanye hesabu ya siku. Tuseme tumepewa merikebu kwa siku 30, nayo yaenda maili 10 za baharini kwa saa, yaani maili 240 usiku na mchana. Tutatoka Port Louis, mji mkuu wa Mauritius, twende Saya de Malha, kisha Chagos, kisha Maldives, tukamalize safari Colombo. Njia hiyo ni kadiri ya maili 2,400. Basi siku 10 zimekwisha kwa kwenda tu, wala hatujaokota hata jiwe moja. Tuweke akiba ya siku 3 kwa ajili ya dhoruba na kuharibika kwa vyombo. Zimebaki 17.

Tufikapo mlimani, kazi ya kwanza ni kuupima kwa chombo cha mwangwi. Chombo hiki hupeleka sauti chini, nayo hurudi. Kwa kuhesabu muda wa kwenda na kurudi twajua kina. Hupima ukanda mpana kwa mara moja, wala si nukta kama bildi. Lakini upana wa ukanda hutegemea kina: penye maji marefu ukanda ni mpana, na tunapokaribia kilele wazidi kuwa mwembamba, hata inatupasa kwenda na kurudi mara nyingi kama mkulima alimaye matuta. Mlima mmoja mkubwa waweza kutaka siku nzima.

Kisha twashusha kikapu cha minyororo chenye mdomo wa chuma. Hukokotwa kupanda mteremko, kikivunja na kukusanya mawe. Pakiwa na kina cha mita 3,000, kushusha, kukokota na kupandisha huchukua yapata saa sita. Mara nyingine kikapu huja kitupu. Mara nyingine huja kimejaa mawe ya chokaa, kwa sababu mlima upoapo huzama, na matumbawe hujenga juu yake. Jambo hilo Charles Darwin alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1842. Ndiyo sababu huchagua mteremko mkali, ambapo mawe ya moto hayakufunikwa. Na kwa kuwa kikapu huweza kunasa mwambani, hufungwa kwa kiungo kilichofanywa dhaifu makusudi, ili kivunjike hicho kabla ya kamba kubwa ya chuma. Aliye mwerevu huchukua vikapu zaidi ya kimoja.

Tukishusha kikapu mara 8 katika kila mlima, hizo ni siku 2. Pamoja na siku ya kupima, ni siku 3. Gawanyeni 17 kwa 3: twapata milima 5, na siku 2 za ziada. Bali wataalamu waliokaa mezani walikuwa wameandika milima 12! Hapo ndipo mabishano huanza, maana kila mmoja ana mlima wake aupendao. Dawa ya mabishano ni kurudi kwenye swali. Volkeno moja yaweza kuishi miaka milioni na zaidi. Kwa hiyo milima miwili iliyo jirani haitatufundisha mengi juu ya mwendo wa ganda. Iliyo mbalimbali katika mstari ndiyo itakayotufaa. Basi mitano hubaki, na saba huachwa, ingawa miongoni mwa hiyo saba imo iliyo mizuri.

Wala kikapu hakimalizi kazi, maana hakifiki ndani ya mlima. Kwa hiyo baada ya safari ya kupima huja safari ya kutoboa. Mfano ulio bora katika bahari yetu ni ule wa mwaka 1987, merikebu ya kutoboa JOIDES Resolution ilipofuata mstari huu. Ilitoka Port Louis mwezi wa Mei, ikafika Colombo mwezi wa Julai. Walitoboa mahali 12. Katika manne walifikia mawe ya volkeno, na mahali pengine walichukua matope ya kilindini kwa ajili ya wataalamu wengine waliotaka kujua habari za bahari ya kale. Hivyo merikebu moja ilitumikia maswali mawili, kwa kuwa mpango uliwagawia siku zao mapema.

Umri wa mawe hujulikanaje? Ndani ya mawe mna potasiamu, ambayo sehemu yake ndogo hugeuka polepole sana kuwa hewa iitwayo agoni. Jiwe linapoganda ni kama mtungi mtupu uliowekwa chini ya tone la maji: kadiri miaka ipitavyo, ndivyo hewa hiyo ijikusanyavyo. Akijua kiasi cha agoni, mtu ajua miaka. Lakini mtungi wenye ufa hudanganya, na jiwe lililoharibiwa na maji ya chumvi hudanganya vile vile. Ndiyo maana mawe mazima yasiyooza hutafutwa kwa juhudi.

Mawe ya safari ile yalisema hivi: penye Nazareth, kadiri ya miaka milioni 33, penye Chagos, milioni 49, penye Maldives, milioni 57. Utaratibu ni ule ule uliotazamiwa, kwamba kadiri uendavyo kaskazini kuelekea Deccan, ndivyo mawe yazidivyo kuwa ya kale. Tena wanafunzi waweza kufanya hesabu wenyewe. Kutoka mahali palipotobolewa Chagos hata Maldives ni kilomita 1,000 hivi. Tofauti ya umri ni miaka milioni 8. Gawanyeni, mtapata sentimita 12 na nusu kwa mwaka. Huo ndio mwendo wa bamba la India siku zile, ikiwa kitovu cha moto kilisimama imara.

Ikiwa kilisimama! Hesabu yetu yote imetegemea neno hilo, nalo haliwezi kujibiwa kwa umri peke yake. Lataka ushahidi wa sumaku. Jiwe la volkeno lipoapo, chembe za chuma zilizomo hujipanga kufuata nguvu ya sumaku ya dunia. Karibu na ikweta sindano ya sumaku hulala. Kadiri uendavyo kuelekea ncha za dunia, ndivyo iinamavyo. Kwa hiyo jiwe lakumbuka lilizaliwa umbali gani kutoka ikweta. Lakini sumaku ya dunia huyumba-yumba, na tabaka moja la mawe halitoshi. Yatakiwa matabaka mengi ya zamani mbalimbali. Hapa tena mpango wataka kuchagua: mashimo mengi mafupi, au machache marefu? Mashimo marefu huharibu keekee, na kuibadilisha huenda kukamaanisha kupandisha bomba lote, maelfu ya mita, na kulishusha tena.

Katika mwaka 2001 merikebu ile ile ilipelekwa Bahari ya Pasifiki, katika milima ya Emperor, ambayo ni nyayo za kale za kitovu cha Hawaii. Waliopanga safari walichagua mashimo machache yaliyoingia sana, katika milima ya Detroit, Nintoku na Koko. Hawaii iko digrii 19 kaskazini ya ikweta. Kama kitovu kingalisimama, mawe yote yangalisema 19. Hayakusema hivyo, ya kale yalionyesha kuzaliwa mbali zaidi kaskazini. Wataalamu wakahukumu kwamba kitovu cha Hawaii chenyewe kilisogea kusini, zaidi ya sentimita 4 kwa mwaka, tangu miaka milioni 81 hata milioni 47 iliyopita. Mshumaa nao ulikuwa ukitembea. Jibu hilo lilipatikana kwa sababu watu walikubali kuacha milima mingi ili waiulize michache kwa kina.

Huenda mtu akasema, "Habari za miaka milioni zanihusu nini mimi, mvuvi wa pwani au mkulima?" Na ajibiwe na ndugu zetu wa Komoro. Tarehe 10 Mei 2018 watu wa kisiwa cha Maore, kinachoitwa pia Mayotte, walianza kusikia matetemeko ya ardhi, siku baada ya siku, wala hawakujua sababu. Kuta zilipata nyufa. Watu wengine walilala nje kwa hofu. Katika mwezi wa Mei 2019 merikebu ya Ufaransa, Marion Dufresne, ilipima bahari mashariki ya kisiwa hicho. Kwa bahati njema sehemu hiyo ilikuwa imekwisha kupimwa katika mwaka 2014. Wataalamu walipoweka ramani mpya juu ya ramani ya zamani, waliona mlima mahali ambapo hapakuwa na mlima: kilomita 50 hivi kutoka kisiwani, katika kina cha mita 3,500, ilikuwa imezaliwa volkeno yenye kimo cha mita 820. Sasa yaitwa Fani Maoré.

Fikirini kama ile ramani ya 2014 isingalikuwapo. Wangaliona mlima, lakini nani angaliweza kuapa kwamba ni mpya? Watu wa Maore wangaliendelea kukisia. Waliopima bahari ile mwanzoni hawakujua kwamba baada ya miaka mitano kazi yao itawajibu maelfu ya watu wenye hofu. Na hata leo wataalamu wangali wakijadiliana kama visiwa vya Komoro ni nyayo za kitovu cha moto, au ni matokeo ya kupasuka kwa ganda la dunia kunakofanana na kule kwa Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Neno hilo halitakatwa ila kwa safari nyingine, zenye swali lililo wazi, na siku zilizohesabiwa vyema.

Mabibi na mabwana, mtakaposoma au kusikia kwamba merikebu fulani imevumbua mlima chini ya bahari, wakumbukeni pia wale waliokaa mezani na ramani, wakigawanya siku 17 kwa milima 12, wakijua kwamba saba haitafikiwa. Nanyi wanafunzi, mkipata ramani ya dunia shuleni, wekeni kidole juu ya Réunion, mkipeleke Mauritius, kisha Nazareth, Saya de Malha, Chagos, Maldives, hata India ya magharibi. Mtakuwa mmefuata nyayo za moto wa miaka milioni 66, na mtaona wenyewe pale mstari unapokatika.